Ihubirie Nafsi Yako: Urithi wa Wapuritani kwa Mkristo wa Leo

Hotuba hii ilitolewa mbele ya wazee wa kanisa, wainjilisti na viongozi wa vikundi vya nyumbani. Inawekwa hapa nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Mchungaji kiongozi, wazee wa kanisa, wainjilisti, mama zangu na baba zangu, na ninyi vijana mlioketi kule nyuma karibu na mlango, Bwana Yesu asifiwe sana.

Nimeombwa nizungumze juu ya ibada itokayo moyoni, nami nimeomba ruhusa ya kuizungumzia kupitia watu waliokufa zaidi ya miaka 300 iliyopita, yaani wale waandishi na waumini wa Uingereza wanaoitwa Wapuritani. Kabla sijafika kwao nina swali. Je, kimewahi kuwapo kizazi kilichosikia mahubiri mengi kama sisi? Tunahubiriwa Jumapili, tunahubiriwa katikati ya juma, tunahubiriwa redioni alfajiri, na kabla chai haijapoa tayari mahubiri matatu yameshatumwa kwenye kundi la WhatsApp la kwaya. Basi mbona mioyo yetu inabaki baridi? Mbona mtu hulia machozi kwenye mkesha wa Ijumaa, na ifikapo Jumanne hana hata sentensi moja ya kumwambia Mungu? Bwana wetu aliyachukua maneno ya nabii Isaya akasema, "Watu hawa huniheshimu kwa midomo, ila mioyo yao iko mbali nami." Maneno hayo hawakuambiwa wapagani. Waliambiwa watu wa ibada.

Wapuritani walilijua tatizo hili, na jibu lao, kwa kadiri ninavyowasoma, ni kwamba yuko mhubiri mmoja ambaye usipompa nafasi, mahubiri ya wengine wote yataishia masikioni. Mhubiri huyo ni wewe mwenyewe, na usharika wake ni nafsi yako. Hilo ndilo neno langu leo, sina jingine. Mkristo na aihubirie nafsi yake.

Niseme kwa kifupi walikuwa akina nani, maana sitaki tupoteze muda mwingi hapo. Walikuwa watu wa Kanisa la Uingereza, tangu nusu ya pili ya karne ya 16 na katika karne ya 17, walioona kwamba matengenezo ya kanisa yalikuwa yameishia njiani, wakataka ibada, mahubiri na maisha ya nyumbani yatawaliwe na Maandiko. Jina lenyewe walipewa kwa dhihaka. Kati ya mwaka 1660 na 1662 wachungaji wapatao 2,000 waliondolewa katika nafasi zao, wengi wao kwa sheria iliyowataka, ifikapo tarehe 24 Agosti 1662, wawe wamekikubali Kitabu cha Sala chote au waondoke. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maandishi yao tunayoyasoma kwa raha yaliandikwa na watu waliofukuzwa, wagonjwa au wafungwa.

Wala sitawapaka rangi. Mwaka 1660 Wapuritani waliotawala Boston, ng'ambo ya bahari, walimnyonga mwanamke aitwaye Mary Dyer kwa sababu alikuwa wa kundi la Wakweka na hakukubali kukaa mbali na mji wao. Tena wapo miongoni mwao waliomiliki watumwa, watu wa bara hili letu, huku wakiandika kurasa nzuri juu ya upendo wa Kristo. Mtu anaweza kuwa hodari wa kuuchunguza moyo wake hadi pembeni kabisa, na bado asiione dhambi kubwa inayomhudumia mezani. Nalisema hili mapema ili asiwepo wa kudhani kwamba nimekuja kuwatangaza watakatifu wapya.

Sasa twende Kidderminster, mji wa wafumaji wa nguo katikati ya Uingereza. Richard Baxter alianza kuhubiri hapo mwaka 1641, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikamwondoa, akarudi mwaka 1647. Anasimulia kwamba alipofika palikuwa na familia kama moja katika mtaa mzima iliyomwabudu Mungu nyumbani, na alipoondoka ilikuwapo mitaa ambayo familia isiyofanya hivyo ilikuwa nadra; siku ya Bwana, anasema, mpita njia aliweza kusikia familia mia zikiimba zaburi na kurudia mahubiri. Wafumaji wake waliweka kitabu mbele yao pale pale penye kitanda cha kufumia, mikono ikiendelea na uzi na macho yakiokota mstari.

Tutauliza, alifanya nini? Alihubiri, ndiyo, na alihubiri kwa nguvu. Lakini sikilizeni jambo lililomshangaza yeye mwenyewe. Kila Jumatatu na Jumanne, yeye na msaidizi wake walikutana na familia 15 au 16, moja moja, ili katika mwaka waweze kuzifikia familia zaidi ya 800 za parokia ile. Humo ndimo alimogundua kwamba baadhi ya watu waliokaa chini ya mahubiri kwa miaka 10 bila faida walipata maarifa na majuto zaidi katika nusu saa ya mazungumzo ya karibu kuliko katika mahubiri yote ya miaka ile. Wainjilisti, mmesikia? Miaka 10 ya mimbari, na nusu saa ya kuulizwa ana kwa ana, "Na wewe je?" Neno lilikuwa lile lile. Kilichopungua ni mtu wa kulileta mpaka mlangoni.

Na hapa Baxter anapiga hatua ninayoipenda kuliko zote. Katika kitabu chake juu ya pumziko la milele la watakatifu, kilichochapwa mwaka 1650, ambacho alianza kukiandika akiwa mgonjwa, mbali na nyumbani, pasipo kitabu kingine ila Biblia, na waganga wamekwisha kumkatia tamaa, anamwambia Mkristo wa kawaida afanye kwa nafsi yake kile ambacho mchungaji hufanya mimbarini. Ulieleze neno kwa nafsi yako. Uithibitishie kwamba ni kweli. Uihoji: je, unaishi kama mtu anayeliamini hili? Uikemee, uibembeleze, uisihi, usiiache mpaka imeamka. Kisha uyageuze maneno hayo kuwa maombi. Kila Mkristo mwema, anasema, ni mhubiri mwema wa nafsi yake mwenyewe. Yeye alishauri kutenga kama nusu saa, mahali pa faragha, na jambo moja tu la kutafakari, kwa kuwa akili inayorukaruka katika mambo sita haipashi moyo joto. (Baxter mwenyewe hakujua kufupisha; aliandika vitabu zaidi ya 100, na vingine ni vinene mno. Lakini palipo na dhahabu, tuchimbe.)

Hata hivyo yeye hakulibuni jambo hili. Alilitoa wapi? Alilitoa katika Zaburi ya 42, ambamo mtu aliye mbali na hekalu, anayedhihakiwa kila siku kwa swali, "Yuko wapi Mungu wako?", ghafla anaacha kuisikiliza nafsi yake na kuanza kuiambia: "Nafsi yangu, kwa nini kuinama, na kufadhaika ndani yangu? Umtumaini Mungu." Ndugu zangu, wengi wetu tunaisikiliza nafsi kuanzia tunapoamka. Inatueleza habari za ada, za deni, za jirani aliyetusema, nasi tunaitikia tu. Ni lini mara ya mwisho uliikatiza?

Nitawaonyesha mwanamke aliyeikatiza ya kwake. Anne Bradstreet alizaliwa Uingereza na kuvuka bahari mwaka 1630 kwenda Massachusetts, akiwa kijana aliyekwisha kuolewa. Huko alizaa watoto 8 na kuandika mashairi katikati ya kazi za nyumba. Usiku wa tarehe 10 Julai 1666 aliamshwa na kishindo na mayowe ya moto. Nyumba yake ilikuwa ikiungua. Anatuambia kwamba alitoka nje, akatazama ndimi za moto mpaka hakuweza kutazama zaidi, kisha akalibariki jina la Mungu aliyetoa na aliyetwaa. Wengi wetu tungeishia hapo tukasema, "Amina, dada huyu ana imani." Yeye hakuishia hapo, na ndiyo maana namwamini. Anaeleza kwamba baadaye, kila alipopita penye magofu, macho yalikwenda yenyewe mahali alipozoea kuketi na kulala: hapa lilisimama sanduku lile, pale kasha lile, vitu alivyovipenda vimelala majivu. Hakuna mgeni atakayeketi tena chini ya dari hiyo, wala kula tonge mezani pake. Hakuna hadithi itakayosimuliwa, hakuna mshumaa utakaowaka humo, wala sauti ya bwana arusi kusikika.

Mama zangu, mnaijua orodha hii. Aliyewahi kupoteza nyumba anajua kwamba uchungu hauji kwa jumla, huja kitu kimoja kimoja. Lakini katikati ya orodha hiyo Bradstreet anaugeukia moyo wake na kuanza kuukaripia. Anauuliza: kwani mali yako ilikuwa duniani? Tumaini lako ulilijenga juu ya vumbi? Kisha anaukumbusha nyumba iliyo juu, iliyojengwa na Mjenzi mkuu, iliyokwisha kulipiwa. Tazameni utaratibu wake. Kwanza alisema ukweli wa imani, kisha akasema ukweli wa maumivu bila kuyafunika, kisha akairudia imani, na safari hii kwa kuusemesha moyo wake kwa swali. Kama angeiruka ile hatua ya katikati, shairi lake lingekuwa wimbo wa kukariri. Na kama angebaki pale pale magofuni, je, angekuwa amelilia nini zaidi ya mbao?

Lakini nasikia mtu akisema moyoni, "Mwalimu, je, nikishindwa? Je, siku ikija ambayo sina hata sauti ya kujisemesha?" Swali hilo ni la haki, na Wapuritani wanalijibu kwa habari ya fundi mmoja wa London.

Nehemiah Wallington alikuwa mkereza mbao huko Eastcheap. Hakuwa mchungaji wala msomi wa chuo. Alizaliwa mwaka 1598, akafa mwaka 1658, na katika maisha hayo alijaza madaftari 50 ya kuichunguza nafsi yake, ambayo 7 yamesalia hadi leo. Alijiwekea kanuni nyingi za mwenendo, na akizivunja alijitoza faini, sarafu ndogo iliyoingia katika sanduku la maskini. Tunaweza kutabasamu, lakini tukumbuke pia kwamba kijana huyu, kabla hajaoa, alikandamizwa na hisia za hatia kiasi cha kujaribu zaidi ya mara moja kujitoa uhai. Kuichunguza nafsi bila kumtazama Kristo ni jambo la hatari. Viongozi wa vikundi, lichukueni hili kwa uzito wote, kwa maana wamo waumini ambao kuwaambia "jichunguze zaidi" ni kuwasukuma shimoni. Hao wanahitaji kwanza kumsikia Richard Sibbes, ambaye mwaka 1630 alitoa kitabu kizima juu ya ahadi ile ya Isaya, "Mwanzi uliopondeka hatauvunja, wala utambi utokao moshi hatauzima." Sibbes alifundisha kwamba rehema iliyo ndani ya Kristo ni nyingi kuliko dhambi iliyo ndani yetu. Kitabu hicho kililetwa na mchuuzi mlangoni kwa baba yake Baxter, wakakinunua, na kijana Richard anasema kilimfunulia upendo wa Mungu. Hivyo hata Baxter, kabla hajawafundisha wengine kujihubiria, alihubiriwa huruma.

Mwaka 1625 tauni iliingia London. Wallington alikuwa na binti aitwaye Elizabeth, ambaye hakuwa amefika miaka 3 au ndiyo kwanza aifikie. Aliugua ghafla. Baba yake ameandika maneno ya mwisho aliyomsikia akisema: "Baba, kesho nitatoka nikakununulie pai." Hakuna kesho iliyofika. Na mtu huyu mwenye kanuni nyingi, mwenye madaftari, mwenye sanduku la faini, anakiri kwamba huzuni yake kwa mtoto huyo ilikuwa kubwa hata akavunja ahadi na maagano yake yote na Mungu, akachanganyikiwa, akakataa kufarijiwa. Mhubiri wa ndani alinyamaza kabisa.

Ni nani aliyehubiri siku hiyo? Mkewe, Grace. Alimkumbusha mumewe taabu ambazo mtoto ameepushwa nazo na furaha aliyoiingia. Wallington akamuuliza, "Je, wewe humlilii mtoto huyu?" Naye akamjibu kwamba anamrudisha kwa Mungu kwa hiari ile ile aliyompokea nayo. Sidai kwamba kila mama aliyefiwa anapaswa kusema hivyo mapema namna hiyo, na mtu yeyote asiyatumie maneno haya kuwanyamazisha waombolezaji. Ninalotaka mlione ni kwamba Grace hakuyapata maneno hayo jioni ile. Mtu hawezi kuchota msibani asichokiweka akiba siku za kawaida. Alikuwa amejihubiria muda mrefu, na siku nafsi ya mumewe ilipokosa mhubiri, yake ilikuwa na neno la kutosha wawili.

Mniruhusu sasa nikae zaidi na John Bunyan, ambaye wengi wenu mlimsoma tangu shuleni kupitia hadithi ya yule msafiri aliyebeba mzigo mgongoni. Alikuwa fundi wa kuziba masufuria kutoka Elstow, karibu na Bedford. Alipooa mara ya kwanza, yeye na mkewe hawakuwa na sahani wala kijiko; bibi arusi alikuja na vitabu viwili vya dini alivyoachiwa na baba yake. Mnamo Novemba 1660 Bunyan alikamatwa kwa kosa la kuhubiri bila kibali, na alifungwa miaka 12, ingawa mlango ungefunguliwa kama angeahidi kuacha kuhubiri. Miaka 12, mlango uko pale, ufunguo ni ahadi moja!

Watu humsimulia kama shujaa asiyetetereka. Yeye hakujisimulia hivyo. Mwaka 1666, mwaka ule ule nyumba ya Bradstreet ilipoungua, alitoa kitabu cha ushuhuda wake, na humo anasema kwamba kutengana na mke na watoto kulikuwa kama kubanduliwa nyama kutoka mifupani, hasa alipomfikiria binti yake Mary, aliyekuwa kipofu. Anamsemesha mtoto kwa mawazo: maskini mwanangu, fungu lako duniani litakuwa huzuni ya namna gani? Utapigwa, utaombaomba, utaona njaa, baridi na uchi, wakati mimi siwezi kuvumilia hata upepo ukupulize. Mle gerezani alitengeneza kamba za viatu ili aitunze familia yake. Naona picha ya vidole vyake vikifunga ncha za kamba, moja baada ya nyingine, na kila kamba ikimkumbusha mtoto.

Basi alifanya nini na mawazo hayo? Hakuyakemea kama mapepo, wala hakujilaumu kwa upungufu wa imani. Anasema alijirudi, akaiambia nafsi yake kwamba ni lazima awaweke wote mikononi mwa Mungu, ijapokuwa kuwaacha kunamchoma. Kisha akaipa nafsi andiko la kushika, Yeremia 49:11: "Waache watoto wako yatima, mimi nitawahifadhi hai; na wajane wako na wanitumaini mimi." Akalikalia andiko hilo mpaka likambeba.

Na bado kuna siku lilionekana halimbebi. Mwanzoni mwa kifungo, asiyejua sheria itamfikisha wapi, alidhani huenda atanyongwa, na kilichomtesa kuliko kifo ni hofu kwamba atapanda ngazi ya kunyongewa huku uso umempauka na magoti yanagongana, watu wapate kumdhihaki Mungu wake. Aliomba faraja. Faraja haikuja. Mbingu zilikuwa kimya. Alijihubiria hata pasipo faraja, akafikia uamuzi kwamba ni wajibu wake kulisimamia neno la Mungu, Mungu amfariji au asimfariji. Kwamba ataruka kutoka ngazini hadi katika umilele akiwa amefumba macho, na kama Bwana Yesu atamdaka, na amdake. Kama sivyo, yeye atajitosa kwa ajili ya jina lake. Anasema hapo ndipo moyo wake ulipojaa faraja.

Vijana, mliosikia mara nyingi kwamba Mungu huthibitika kwa kile unachokihisi wakati wa kusifu, litafakarini hilo. Joto lilikuja baada ya utii. Bunyan hakusubiri ahisi ndipo aamini. Thomas Watson, mchungaji wa London wa wakati huo huo, alisema kwamba tunatoka katika kulisoma Neno tukiwa baridi kwa kuwa hatukujipasha katika moto wa kutafakari. Tunalisoma sura tatu kwa haraka, tunaweka alama kwenye ratiba ya mwaka, tunafunga kitabu. Kuni mbichi hazishiki kwa kiberiti kimoja. Unazikalia, unapuliza, moshi unakuingia machoni, unapuliza tena.

Nimeombwa pia niseme tufanye nini, nami nitasema lile tu linalowezekana leo. Ratiba inaonyesha vikundi vitakutana kwa majadiliano. Mchungaji amekubali tuibadilishe. Kila mmoja atachukua Zaburi ya 42, atatafuta mahali pake chini ya miembe au ndani ya kanisa, simu zikiwa zimezimwa na kuachwa kwa viongozi, na atakaa nusu saa na mstari wa 5 peke yake. Ajiulize nafsi yake imeinama kwa ajili ya nini hasa, na ayataje mambo hayo kwa majina yake, kama Bradstreet alivyotaja sanduku na kasha. Kisha aiambie kwa sauti, hata ya chini, ni kwa nini Mungu astahili kutumainiwa katika jambo hilo moja. Anayeona kwamba kujisemesha ni kazi ngumu mno leo, aje kwa mama wazee walioketi mstari wa mbele. Nimezungumza nao, na wako tayari kuhubiri kwa niaba yake. Chakula kitaanza saa nane, na baada ya hapo tutasikia shuhuda, kuanzia kikundi cha vijana.